Ulezi wa kitaaluma kwa madaktari chipukizi wanaofanya utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga madaktari, wauguzi, wafamasia na matabibu walio katika miaka yao ya mwanzo kazini, wanaotibu wagonjwa na wakati huohuo wanataka kufanya utafiti. Yanawahusu pia wakuu wa idara wanaofikiria kuanzisha programu ya kuwalea. Taratibu zinazotajwa ni za Tanzania. Kenya inapotofautiana tumeeleza.

Mlezi anafanya nini ambacho msimamizi wa tasnifu hafanyi?

Msimamizi anafuatilia kazi moja: tasnifu iandikwe, itetewe, ipite. Mwanafunzi akishafaulu, wanaagana. Mlezi anamfuatilia mtu. Anamsaidia kuchagua eneo la utafiti litakalombeba miaka mitano, kujua ruzuku ya kuomba kwanza, na kuamua lini akubali kuongoza wodi na lini aombe radhi. Zamu zikizidi, mlezi ndiye anayempigia simu mkuu wa idara.

Mtu mmoja anaweza kuzishika kazi zote mbili, lakini vikao vitenganishwe, la sivyo kila mkikutana mnaishia kwenye sura ya tatu ya tasnifu. Kinachoharibu zaidi ni mlezi kuwa pia ndiye anayepanga zamu na kujaza tathmini ya utendaji kazi. Hakuna kijana atakayemwambia mtu huyo kwamba data zimekwama au kwamba anafikiria kuhamia taasisi nyingine.

Mlezi mmoja anatosha?

Hatoshi. Wanatakiwa watatu. Wa kwanza anaujua ugonjwa au fani yenyewe. Wa pili anajua mbinu za utafiti, yaani mtakwimu au mwana-epidemiolojia. Wa tatu yuko nje ya idara kabisa, wa kuambiwa yale ambayo hayasemeki ndani. Huyo wa tatu ndiye programu nyingi humsahau, na ndiye anayehitajika siku ugomvi wa majina kwenye makala unapozuka.

Mtakwimu alipwe. Akisaidia kwa hisani, kazi yako itakuwa ya mwisho kwenye foleni yake kila mara, na wala hutakuwa na haki ya kulalamika.

Nani aingizwe kwenye programu?

Anayefaa zaidi ni aliyemaliza shahada ya uzamili ya tiba karibuni, au aliye mwaka wa mwisho, na ambaye mkataba wake na hospitali unavuka muda wa programu. Daktari aliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo anahama idara kila baada ya muda mfupi. Mpe ukaguzi mdogo wa mafaili ya wodi aliyopo, usimwingize kwenye mradi wa miezi 18. Wauguzi na wafamasia waingie kwa masharti yaleyale. Wakiingizwa kama wakusanya data wa daktari, hapo hakuna ulezi, kuna ajira isiyo na mshahara.

Muda wa utafiti utoke wapi wakati wodi imejaa?

Hili ndilo swali linaloamua programu iishi au ife.

Nchi zenye mifumo ya muda mrefu zimeweka namba kwenye maandishi. Uingereza, daktari aliye kwenye nafasi ya Academic Clinical Fellow (daktari mwanafunzi wa utafiti) ya NIHR, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, hutengewa asilimia 25 ya muda wake kwa utafiti, na akipanda kuwa Clinical Lecturer (mhadhiri anayetibu) hugawanya nusu kwa nusu. Marekani, tuzo za K08 na K23, za kuwakuza matabibu watafiti, zinazotolewa na NIH (taasisi za taifa za afya), humtaka mpokeaji kwa kawaida atenge angalau asilimia 75 ya muda wake kwa utafiti na mafunzo, na baadhi ya fani za upasuaji hukubaliwa asilimia 50. Hospitali ya rufaa yenye mabingwa wawili wa fani moja haiwezi kuziiga namba hizo. Siku moja nzima kwa wiki, yaani asilimia 20, inawezekana, na tunaona chini ya hapo afadhali programu isianzishwe.

Sema siku nzima, usikubali nusu siku. Raundi iliyoanza saa 2 asubuhi ikapangiwa kwisha saa 5 huisha saa 8 mchana, na "mchana wa utafiti" umekwenda nayo. Siku inayofuata zamu ya usiku nayo haihesabiki, kwa sababu mtu aliyekesha hawezi kusafisha data. Kwa wapasuaji, wiki moja nzima kila mwezi hufaa kuliko siku za hapa na pale, maana orodha ya upasuaji haikatiki katikati.

Makubaliano ya mdomo na mkuu wa idara hudumu mpaka mtu wa kwanza aende likizo. Inatakiwa barua, na barua hiyo iwe na sentensi ya namna hii: "Kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, Dkt. fulani hatapangiwa raundi, kliniki wala zamu siku ya Jumatano, na hatapangiwa zamu ya usiku wa Jumanne. Majukumu yake siku hiyo yatashikwa na Dkt. fulani." Jina la atakayeshika nafasi ndilo uti wa mgongo wa barua nzima. Pasipo jina hilo, dharura yoyote ya Jumatano itampata huyo aliyeko maktaba, kwa sababu kila mtu anajua kwamba yupo. Nakala ibandikwe pale zamu zinapobandikwa.

Kikao cha kwanza kiwe na nini?

Saa moja inatosha, na mtoke na ukurasa mmoja uliosainiwa na wote. Mambo yasiyopaswa kukosekana ni haya:

- Mtakutana mara ngapi. Miezi 3 ya kwanza kila wiki mbili, dakika 45. Baadaye mara moja kwa mwezi.
- Nani anaitisha kikao. Awe mlelewa. Anatuma ajenda saa 48 kabla, na muhtasari wa waliyokubaliana ndani ya saa 24 baada ya kikao.
- Andiko likitumwa, mlezi analirudisha baada ya siku ngapi. Siku 10 za kazi kwa andiko zima, siku 3 kwa ukurasa mmoja.
- Data ni za nani, na mlelewa akihama anaondoka na nini.
- Nani mwandishi wa kwanza wa makala ya kwanza. Liandikwe jina.
- Mtaachana vipi. Kila upande uruhusiwe kujiondoa baada ya miezi 6 bila kutoa sababu, kwa barua pepe kwa mratibu wa programu.

Wengi huona aibu kuandika kipengele hicho cha mwisho mbele ya profesa, na ndiyo sababu kinapaswa kuwa kimeshachapwa kwenye fomu ya programu kabla hawajaketi. Wakiachiwa wakiombe wenyewe, hawataomba.

WhatsApp ni nzuri kwa kukumbushana muda wa kikao. Maamuzi yaende kwenye barua pepe. Ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu vigezo vya kuwaingiza wagonjwa hautafutiki mwaka ukipita, wakati mhakiki wa jarida anauliza kwa nini waliwekwa wenye umri wa miaka 15.

Nina wazo pana. Nalifanyaje liwe swali linalofanyika?

Hapa ndipo mlezi mzuri huonekana. Tuchukue wazo ambalo hujirudia sana: "kisukari kwa wagonjwa wa kifua kikuu." Hilo bado ni eneo. Likikatwa linakuwa: kati ya watu wazima wanaoanza dawa za kifua kikuu kwenye kliniki hii, ni asilimia ngapi wana kisukari ambacho hakijagundulika?

Sasa hesabu. Tukikisia ni asilimia 10, na tunataka jibu lisipotoke zaidi ya asilimia 3 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, tunahitaji watu 385. Mmoja kati ya watano akikataa, inabidi kuwafikia 482. Kliniki ikiwa inapokea wagonjwa wapya 8 kwa wiki, hiyo ni kazi ya wiki 61. Programu ya miezi 18 haina wiki 61 za kukusanya data, na kibali cha maadili cha mwaka mmoja kitaisha katikati. Ukilegeza kutoka asilimia 3 hadi 4, wanatosha 217, unawafikia 272, na unamaliza kwa wiki 34. Uamuzi huu unachukua dakika ishirini ukiwa na mtakwimu mezani. Usipofanyika mwanzoni utajifanya wenyewe mwezi wa kumi, kwa njia mbaya: watu 140, hakuna fedha, na tasnifu inayojitetea kwa aya nzima ya "changamoto".

Mlezi wa fani naye ana lake la kusema. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, hupotoshwa na upungufu wa damu na selimundu, na wagonjwa wengi wa kifua kikuu wana upungufu wa damu. Tena maambukizi yenyewe yanaweza kupandisha sukari kwa muda, kwa hiyo aliyepimwa siku ya kwanza tu anaweza kuandikiwa kisukari asicho nacho. Basi wingi wa damu upimwe pia, na kipimo cha sukari kirudiwe matibabu yakiendelea. Gharama za marudio hayo ziingie kwenye bajeti sasa, kabla andiko halijaenda kwenye kamati.

Vibali vinapitia wapi, na kwa nini vinachelewa?

Tanzania, anza na kamati ya maadili ya taasisi yako. Utafiti wenye washirika wa kigeni, wa majaribio ya dawa, au unaosafirisha sampuli nje ya nchi, lazima ufike kwenye kamati ya kitaifa, NatHREC, iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na majaribio ya dawa yanapita TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Sampuli au data zikitoka nje ya nchi huhitaji mkataba wa uhamisho uliosainiwa na pande zote. Mkataba huu hula muda kuliko kibali chenyewe, kwa sababu wanasheria wa vyuo viwili hawana haraka. Kenya, unaanza na kamati ya maadili iliyosajiliwa, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi ya nchi hiyo), halafu ruhusa ya kaunti na ya kituo.

Cheti cha NIMR huja na masharti ambayo watu hawayasomi: taarifa ya maendeleo kila miezi sita, kibali ni cha mwaka mmoja, na ruhusa huombwa kabla ya kuchapisha matokeo. Weka tarehe zote kwenye kalenda siku unapokipokea. Kibali kikiisha muda huku unaendelea kuandikisha wagonjwa, data za kipindi hicho hutaweza kuzitetea popote.

Andiko mara nyingi hurudishwa kwa mambo madogo: dodoso halina tafsiri, fomu ya ridhaa haina namba ya simu ya kamati, au haikusemwa mtu atakayegundulika na ugonjwa atapelekwa wapi. Fomu ya ridhaa ya Kiswahili ndiyo huaibisha zaidi. Tumeona sentensi kama hii: "Utafanyiwa uchukuaji wa sampuli ya damu ya vena yenye ujazo wa mililita 5 kwa ajili ya uchambuzi wa himoglobini iliyoungana na glukosi." Iandikwe hivi: "Tutakutoa damu kwenye mshipa wa mkono, kama kijiko kimoja cha chai, tupime sukari yako ilivyokuwa kwa miezi miwili mitatu iliyopita." Msomee mtu anayesubiri kwenye benchi la kliniki, umwombe aieleze kwa maneno yake. Akishindwa, tatizo ni fomu.

Tenga miezi 4 kwa hatua yote hii. Ukipata kwa miwili, shukuru.

Data nizitunze vipi?

Usianze na Excel kwenye kompyuta yako ya mkononi. REDCap, programu ya kompyuta ya kukusanyia data za utafiti, hutolewa bila malipo kwa taasisi zisizo za kibiashara zinazojiunga na mtandao wake, na inawezekana chuo kilicho karibu nawe kinayo. Uliza kitengo cha TEHAMA. Faida yake kubwa ni kwamba inakataa umri wa miaka 340 na inaandika nani alibadilisha nini na lini. Mgonjwa apewe namba ya utafiti. Daftari linalounganisha namba na jina likae kabatini lenye kufuli, mbali na data.

Picha za mafaili ya wagonjwa kwenye simu zikome mara moja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Taarifa za afya zina ulinzi wa ziada kwenye zote mbili.

Jaza dodoso kwa wagonjwa 10 wa majaribio, kisha kaa na mtakwimu mchambue hizo kumi kana kwamba ndiyo data nzima. Utagundua swali ambalo hukuuliza wakati bado unaweza kuliongeza.

Mlezi wangu hajibu. Nifanye nini bila kumkosea adabu?

Kwanza angalia ulichomtumia. Ujumbe unaosema "Shikamoo Profesa, naomba maoni yako" ukiwa na kiambatisho cha kurasa 40 hauna jibu jepesi. Jaribu hivi:

"Shikamoo Profesa. Nimeambatanisha andiko, ila naomba unisaidie kwenye ukurasa wa 6 tu: niwaingize wagonjwa wanaorudia matibabu au niwaache? Mimi naona niwaache, kwa sababu wako wachache na wengi wamewahi kupimwa sukari. Kamati inapokea maandiko mpaka Ijumaa ya tarehe 14. Nisipopata maelekezo tofauti hadi Jumatano, nitawasilisha kwa mtazamo huo."

Una swali moja, una pendekezo, una tarehe, na umesema kitakachotokea akikaa kimya. Adabu haijapungua hata kidogo. Vikao viwili mfululizo vikivunjika, na siku 10 za andiko zikipita mara mbili, mwandikie mratibu. Mratibu asikupeleke ukasuluhishwe mbele ya mlezi. Kazi yake ni kumwuliza mlezi faraghani kama bado ana nafasi. Mara nyingi jibu ni kwamba amelemewa na angependa kuachiwa.

Mlezi mmoja abebe walelewa wangapi?

Watatu. Anayebeba wanane anagawa jina lake tu.

Majina kwenye makala yanapangwa vipi?

Vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni vinne na vyote lazima vitimie: mchango mkubwa kwenye wazo, mpango, ukusanyaji au uchambuzi wa data; kuandika au kuhakiki andiko kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa idara aliyetoa chumba anashukuriwa mwishoni mwa makala. Muuguzi aliyewaandikisha wagonjwa wote 217 hapaswi kuishia kwenye shukrani kwa sababu tu hakuna aliyemtumia rasimu. Mtumieni, mpeni wiki mbili, atoe maoni.

Kwenye ushirikiano na vyuo vya nje angalieni pia nafasi ya mwisho kwenye orodha, ambayo huchukuliwa na kiongozi wa kazi. Daktari wa hapa akikaa katikati ya majina 19 kwa miaka sita, atakapoomba ruzuku yake mwenyewe hataonekana amewahi kuongoza chochote. Hilo lizungumzwe kabla ya data kukusanywa, na jedwali la majina lirejewe kila baada ya miezi 6.

Nichague jarida gani?

Mlezi akutajie matatu ambayo yeye mwenyewe huyasoma. Barua pepe inayokusifia na kuahidi kuchapisha ndani ya siku 5 ifutwe. Kama jarida linatoza ada, omba msamaha wa ada wakati wa kuwasilisha, kwa sababu mengi hayapokei ombi hilo baada ya makala kukubaliwa. Kuhusu kusoma, taasisi za Tanzania zinaweza kupata maelfu ya majarida kupitia Hinari, mpango wa WHO wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya. Nenosiri liko kwa mkutubi.

Niko hospitali ya mkoa isiyo na mtafiti hata mmoja. Inawezekana?

Inawezekana, kwa sharti kwamba mmoja wa walezi watatu awe papo hapo hospitalini, hata kama hajawahi kuchapisha. Kazi yake ni kukulindia siku yako na kufungua milango ya maabara na masjala. Wa fani na wa takwimu wanaweza kuwa mbali, mkikutana kwa video, na ana kwa ana walau mara mbili kwa mwaka: wakati wa kukata swali na wakati wa kuchambua data. Hizo hatua mbili kwa simu haziendi. Chagua utafiti unaotumia kile ambacho hospitali tayari inakirekodi, na kabla ya kuahidi chochote fungua mafaili 30 ya mwaka jana uhesabu ni mangapi yana taarifa unayoitaka. Ukikuta 11, badilisha swali.

Likizo ya uzazi inahesabiwaje?

Saa ya programu inasimama siku likizo inapoanza na kuendelea siku mama anaporudi, na fedha zinamsubiri. Hili liandikwe kwenye kanuni ili lisiwe fadhila. Mwombe mtakwimu au msaidizi wa utafiti aendelee kuandikisha wagonjwa, maana kibali cha maadili hakisimami. Vikao visipangwe baada ya saa 11 jioni. Programu zinazokutana usiku hupoteza wanawake kwanza, kisha hushangaa.

Fedha zikikatika itakuwaje?

Programu nyingi za ukanda huu zimetegemea fedha za nje. MEPI, programu ya elimu ya tiba iliyofadhiliwa na Marekani kuanzia 2010, ilifika nchi 12 za Afrika, Chuo cha Tiba cha KCMC Moshi kikiwemo, na awamu yake ya kwanza ilidumu miaka mitano. Mei 2025 NIH ilisimamisha utoaji wa ruzuku ndogo mpya zinazopita kwenye vyuo vya Marekani kwenda taasisi za nje wakati ikipanga utaratibu mwingine, na mipango mingi ikabaki njia panda.

Kwa hiyo tenganisheni gharama. Siku ya utafiti, vikao na mratibu wa robo muda vibebwe na hospitali au chuo, kwa sababu hivyo ndivyo ulezi wenyewe. Ruzuku ilipie vitendanishi, ada za kamati, nauli za washiriki, mtakwimu na bando. Ruzuku ikiisha, mlelewa abaki na Jumatano yake na mlezi wake, hata kama atalazimika kufanya kazi na mafaili badala ya vipimo.

Tutapimaje kama programu inafanya kazi?

Msihesabu warsha wala vyeti. Hesabuni Jumatano zilizotumika kweli kati ya zilizoahidiwa. Mratibu aulize kila mwisho wa mwezi kwa ujumbe mmoja. Zikishuka chini ya tatu kati ya nne kwa miezi miwili, mkuu wa idara aitwe. Vingine vya kufuatilia ni siku kutoka wazo hadi kibali, maandiko yaliyowasilishwa jaridani mlelewa akiwa wa kwanza, na maombi ya ruzuku yaliyotumwa, yakiwemo yaliyokataliwa. Baada ya miaka mitatu, angalieni waliomaliza wako wapi na wangapi sasa wana mlelewa wao.

Walelewa wawatathmini walezi bila kutaja majina. Kundi likiwa na watu wanne, kutotaja jina ni maigizo; kusanyeni majibu ya miaka miwili pamoja kabla ya kumwonyesha mlezi chochote.